NDOO YA MAJI YA MOTO

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Turwa, Tarime)



Ndugu Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya mchango wa msomi katika maendeleo. Kichwa hicho ni kizuri, lakini kwangu ni kipana mno. Mimi ni mtumishi wa serikali. Kazi yangu ni majalada na vikao, na watu wa kazi yangu tukipewa kichwa kipana tunaweza kuzungumza mpaka jua lizame bila kusema neno. Kwa hiyo niliomba ruhusa, nikapewa, nizungumze juu ya jambo dogo ambalo kila mmoja wetu humu ndani amelifanya leo asubuhi, au amelikwepa. Nalo ni kuoga.

Naona wanafunzi wanacheka. Chekeni, lakini mnanielewa. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wageni wakisikia Mkoa wa Mara hufikiria joto la ufukweni Musoma, wakifika hapa mwezi wa Julai wanaomba blanketi la pili. Wakati wetu tulitoka mchakamchaka saa kumi na moja alfajiri, tukaenda moja kwa moja kwenye bomba. Mura aliyeonekana na maji yanayotoa mvuke alihesabiwa kuwa mtoto wa mama. Tulijivunia baridi. Lakini nawauliza wenzangu wa miaka ile: tangu mlipoondoka hapa na kupata mishahara yenu, ni nani kati yenu ameoga tena maji ya baridi kwa hiari yake? Mimi sijaoga.

Mwishoni mwa mwaka 1997, wakati wa mvua zile kubwa za El Niño, nilikuwa kidato cha tatu. Nikapatwa na malaria, nikalazwa katika chumba cha wagonjwa kwa siku tano. Kuni zote za shule zilikuwa zimelowa. Hata hivyo kila jioni mzee wetu wa jikoni alikuja na beseni la maji ya moto lililofunikwa kwa sinia, akaniambia, "Jifute, kijana, usilale na jasho." Wakati ule niliona ni jambo la kawaida. Sikujiuliza maji yale yametoka wapi. Leo nikimkumbuka mzee yule, nakumbuka zaidi macho yake, yaliyokuwa mekundu muda wote, na jinsi alivyoinama kupuliza moto usiotaka kuwaka.

Hilo ndilo ninalotaka tulitazame: maji ya moto yanatoka wapi, yanamgharimu nani, na kama kuna njia bora zaidi.

MAKOSA YANGU MWENYEWE

Nitaanza na nyumba yangu, maana si vizuri kuanza na nyumba ya jirani.

Mwaka 2016 nilihamishiwa huku nyumbani nikajenga hapa Turwa. Nilitaka nyumba inayofanana na mtu aliyesoma. Nikaweka shawa ya umeme katika bafu zote mbili, ile unayofungua bomba maji yakatoka ya moto papo hapo. Nilipomchukua mama aje kuishi nasi, nilimwonyesha kwa fahari. Mama alitazama waya unaoingia kwenye maji, akatazama maji, akaniambia, "Baba, mimi nitatumia kuni zangu." Akawasha mafiga nyuma ya nyumba. Kwa muda wa miaka mitatu nyumba moja ikawa na mioto miwili: wangu wa umeme ukutani, na wa mama wa kuni uani. Jikoni tulikuwa tunapikia gesi, nami nikiulizwa katika vikao nilijibu kwamba kwetu hatutumii kuni. Kumbe kuni zilikuwa zimetoka jikoni tu, zikahamia nyuma ya nyumba.

Naamini si kwangu peke yangu. Piteni mitaa ya hapa mjini alfajiri mtazame moshi unatoka wapi. Katika nyumba nyingi zenye mtungi wa gesi, moshi wa asubuhi ni wa maji ya kuoga.

Asubuhi moja mwaka 2019, mtoto wangu wa pili alishika bomba la shawa akarushwa na umeme. Alianguka akapasuka juu ya jicho. Mungu alimnusuru, kovu analo mpaka leo. Fundi alipokuja kukagua, sikuwa na la kumwambia, maana siku ya kufunga alikuwa ameniuliza kama nataka waya wa ethi, nami nikauliza bei yake, kisha nikasema, "Huo tutaongeza baadaye." Nilipata alama nzuri ya fizikia katika shule hii. Nilijua kazi ya ethi. Niliijua kwa ajili ya mtihani.

Ndugu zangu, shawa ya kilowati 5 huvuta zaidi ya ampea 20 kwa umeme wetu wa volti 230. Haifai kuunganishwa kwenye waya mwembamba wa taa. Inahitaji waya wake mnene, swichi yake ya kukata umeme inapozidiwa, na ethi inayofika ardhini kwa hakika. Na ile hita ya kuchovya kwenye ndoo, inayouzwa sokoni kwa bei ya kilo chache za nyama, ni ya hatari zaidi, kwa sababu mtoto hutia mkono kupima joto kabla ya kuichomoa. Ikiwa hamtabeba neno jingine lolote kutoka katika mazungumzo haya, bebeni hilo.

HESABU YA NDOO MOJA

Baada ya ajali ile nilichomoa shawa zote mbili, nikachukua daftari. Nikafanya hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza, na ambayo mimi sikuwa nimeifanya kwa miaka ishirini.

Ndoo yetu ni lita 20. Maji ya asubuhi hapa yana joto la nyuzi 20 hivi, na mtu huoga kwa nyuzi 40. Kupandisha lita moja kwa nyuzi moja kunataka kilojuli 4.2. Basi ndoo moja inataka kilojuli 1,680. Uniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600. Kwa hiyo ndoo moja ni karibu nusu uniti. Nyumba ya watu sita, ndoo moja kila mtu kwa siku, ni uniti 84 kwa mwezi.

Sasa tazameni maana yake. Bei za umeme zilizowekwa mwaka 2016 zilimpa mteja mdogo wa nyumbani uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila moja. Akizidisha, uniti ya ziada ikawa shilingi 350. Mteja wa kawaida akawekewa shilingi 292 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Yaani maji ya kuoga peke yake, kabla hujawasha taa wala pasi wala redio, yanatosha kumtoa mtu katika kundi la bei nafuu. Wengi tumelalamika kwamba Luku inakula fedha. Luku haili. Tunaoga nayo.

Na hiyo ni kwa ndoo. Shawa ya kilowati 5 ikifunguliwa dakika 10 hula zaidi ya robo tatu ya uniti. Vijana wangu hawakuwa watu wa dakika 10, lakini tuseme walikuwa. Watu sita kwa mwezi ni uniti 150. Kwa bei ya mteja wa kawaida pamoja na kodi, shilingi 1,000 hununua chini ya uniti 3. Basi zilikuwa zinateremka na maji machafu zaidi ya shilingi 50,000 kila mwezi.

Halafu nikafanya hesabu ya kuni za mama. Kuni kavu zina nguvu nyingi, lakini katika mafiga matatu sehemu kubwa ya joto huondoka na upepo. Katika sehemu 100 za joto, ni 10 hadi 15 tu zinazoingia kwenye sufuria. Kwa hiyo ndoo moja inataka karibu kilo 1 ya kuni. Familia ya watu sita inayooga kwa kuni huchoma kilo 150 hadi 180 kwa mwezi. Mzigo wa kichwani tuseme ni kilo 25. Hiyo ni mizigo sita au saba kila mwezi, na hapo hatujapika ugali.

Nani anayebeba mizigo hiyo? Si mimi, wala si wewe, Ndugu Mwenyekiti. Nilipofikia mstari huo katika daftari niliona aibu, maana nilikumbuka beseni lililokuwa likiwekwa mlangoni kila jioni nilipokuwa mtoto, na sikuwahi kuhesabu ni vilima vingapi mama alipanda kwa ajili ya beseni lile.

JUA LA MAHALI PENYE BARIDI

Nilipomweleza rafiki yangu mmoja kwamba nataka kupasha maji kwa jua, alinicheka. "Hapa Tarime? Peleka hiyo Dodoma." Hilo ndilo kosa letu kubwa. Tunachanganya baridi ya hewa na upungufu wa jua. Hewa yetu ni baridi kwa sababu tuko juu. Lakini tuko chini ya nyuzi moja na nusu kusini mwa Ikweta, na jua linalotupiga ni lile lile linaloanika mahindi yetu na kupasua midomo ya watoto mwezi wa Julai. Mtu akitaka ushahidi, aguse bati la nyumba yake saa saba mchana.

Mtambo wenyewe si jambo la kutisha. Usichanganye na ile sola ya taa. Huu hautengenezi umeme; unapasha maji tu. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni kasha bapa lenye mabomba yaliyopakwa rangi nyeusi na kufunikwa kioo. Ya pili ni safu ya mirija ya vioo viwili, kimoja ndani ya kingine, na hewa katikati yake imeondolewa, kama ilivyo chupa ya chai. Ndiyo maana hata upepo ukiwa baridi, joto lililokwisha kuingia halitoki upesi. Juu yake kuna tangi lililofungwa kwa tabaka nene la kuzuia joto. Maji yakipata moto huwa mepesi, yakapanda yenyewe kwenye tangi, na ya baridi yakateremka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu wala mota.

Katika eneo la mita mraba 2, jua la siku nzuri huku kwetu humwaga nguvu ya karibu uniti 10. Tuseme mtambo unashika nusu tu. Hizo uniti 5 zinatosha kupandisha lita 150 kwa nyuzi 28 hivi. Familia ya watu sita huoga, na maji ya vyombo yanabaki.

Mimi nilikopa katika chama chetu cha akiba na mikopo, nikafunga mtambo mwaka 2021. Tangi, mabomba na ufundi viliniondolea karibu shilingi 2,000,000. Mjomba wangu alisema kwa fedha hizo ningepata ng'ombe wazuri, na ng'ombe anazaa. Nilimjibu kwamba huyu wangu hazai, lakini hali majani wala haibiwi usiku. Nikilinganisha na ndoo zile za umeme, anarudisha fedha yake katika miaka mitano au sita. Nikilinganisha na shawa, ni miaka kama mitatu. Sitawadanganya: kwa mtu anayeokota kuni bure hesabu ya fedha haimfai. Hesabu yake ni ya saa, na ya mgongo wa mama.

Niwape na mafunzo niliyoyalipia ada. Kwanza, elekezeni mtambo kaskazini. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, na miezi ya baridi, Juni na Julai, ndiyo miezi ambayo jua liko kaskazini. Uinamisheni kidogo ili maji yazunguke vizuri na mvua ioshe vumbi. Pili, maji ya bomba yanapokatika na mirija ikabaki mikavu juani, msiifungulie maji ya baridi mchana. Kioo chenye moto kikikutana na maji ya baridi hupasuka. Mimi nilipasua mirija mitatu siku moja. Subirini jioni au alfajiri. Tatu, siku ya jua kali maji huweza kuunguza ngozi. Tieni maji ya baridi kwanza kwenye beseni la mtoto, ya moto baadaye. Nne, katika mvua za masika kuna siku maji hutoka ya uvuguvugu tu. Siku hizo tunachemsha sufuria moja kwenye gesi, tunachanganya, na maisha yanaendelea.

Mama alichukua miezi miwili kabla ya kuyakubali maji ya juu ya bati. Alikuwa akiingiza kiwiko kwenye ndoo, anatikisa kichwa, anarudi kwenye mafiga yake. Kisha siku moja nilirudi kazini nikakuta majivu uani ni baridi. Sikuuliza neno.

KWA WASIO NA MILIONI

Wanafunzi wanaweza kusema, "Mzee huyu anazungumza na wenye mishahara." La. Hatua tatu za kwanza hazihitaji mkopo.

Ya kwanza ni mfuniko. Sufuria iliyo wazi hupoteza joto lake kwa mvuke, ikachelewa kupata moto na kula kuni zaidi. Ya pili ni jiko banifu. Jiko la udongo lililojengwa vizuri, lenye mlango mdogo na linaloibana sufuria, linaweza kupunguza kuni zinazohitajika kwa kiasi cha nusu. Mizigo sita ikawa mitatu. Ya tatu ni dumu jeusi. Jaza dumu la lita 20, lipake rangi nyeusi au masizi, lilaze juani mahali pasipo upepo tangu asubuhi, na saa kumi alasiri lifunike kwa magunia. Halitachemka, lakini jioni mtoto ataoga bila kuwasha moto.

Kisha ndipo aje mwenye milioni na mtambo wake. Lakini hata huyo aanze kwa kuziba bomba la moto linalovuja. Kupasha maji kwa ustadi na kuyaacha yadondoke ni kama kujaza gunia lililotoboka.

MASWALI NINAYOULIZWA

Huniuliza watu: "Sasa tuna Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115. Kwa nini tubane umeme?" Ni swali zuri. Mtambo wa kwanza wa bwawa lile uliwashwa mwaka 2024, baada ya mgawo uliotusumbua tangu mwaka 2023. Ni mali ya taifa na ni fahari yetu. Lakini umeme ni nguvu ya thamani kubwa. Unasaga nafaka, unachomelea vyuma, unaendesha jokofu la chanjo. Kuuchukua umeme uliosafiri kutoka Rufiji mpaka Turwa ili kupasha maji nyuzi 20, wakati jua limekaa juu ya bati letu mchana kutwa, ni sawa na kumfunga fahali wa jembe ili akafukuze kuku.

Wengine husema serikali ingetunga sheria. Wenzetu wa Kenya, hapo ng'ambo ya Sirari, walitunga kanuni mwaka 2012: jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku liwe na mtambo wa jua, na majengo ya zamani yakapewa miaka 5. Ilikuwa kanuni yenye nia njema, lakini utekelezaji wake ulisuasua na upinzani ulikuwa mwingi. Mimi naishi kwa kanuni, na sizidharau. Hapa kwetu, mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mkakati ule unazungumza juu ya kupika. Moto wa maji ya kuoga hautazimwa na waraka. Utazimwa na mtu aliyekaa na daftari nyumbani kwake.

Ndiyo maana nageukia kwenu, wanafunzi. Mwaka 1963, katika shule ya Magamba, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu. Akaweka maziwa yake kwenye friji yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza kwa nini. Alichekwa na mwalimu na wenzake. Hakunyamaza, baadaye, akiwa Mkwawa, alimwuliza Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye hakucheka, akaenda kupima. Mwaka 1969 waliandika pamoja, na wanasayansi wa dunia wanabishana mpaka leo juu ya jambo linaloitwa kwa jina la mwanafunzi wa Tanzania. Basi nanyi mnapokwenda likizo, chukueni kipimajoto na daftari. Pimeni ndoo, pimeni kuni, hesabuni uniti. Mzazi wenu hatasikiliza hotuba yangu, lakini atasikiliza hesabu ya mtoto wake.

JAMBO LILILO MBELE YETU

Namalizia kwa jambo gumu kidogo, na naomba wazee wangu mnivumilie.

Alasiri ya leo mkutano utaamua matumizi ya fedha tulizochanga. Nimesoma ajenda. Pendekezo lililopo ni kujenga lango jipya la shule, lenye jiwe la majina yetu. Mimi mwenyewe nilitia saini pendekezo hilo mwaka jana, na jina langu ningependa kuliona pale. Leo nasimama kusema nilikosea, na naomba tulisogeze lango nyuma.

Naomba fedha hizo zinunue mitambo ya jua ya kupashia maji, kwa chumba cha wagonjwa na kwa jiko. Chumba cha wagonjwa hakihitaji maelezo. Jikoni nitaeleza. Mpishi huanza uji wa alfajiri na maji ya nyuzi 20, na kwa mwinuko wetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ni safari ya nyuzi 75. Tuseme jua la jana limepasha maji hadi nyuzi 60, na usiku umekula, yamebaki 50. Mpishi anaanza safari akiwa amekwisha kutembea nyuzi 30, yaani sehemu mbili katika tano, bila moto. Serikali ilikwisha kutangaza mwaka 2023 kwamba taasisi zinazopikia watu wengi ziache kuni na mkaa. Iwe ni gesi au kitu kingine, gharama yake ni kubwa, na sehemu mbili katika tano za gharama ya kuchemsha maji kila asubuhi si kidogo. Fundi wa ethi na bomba awe wa kulipwa sawasawa, na asiambiwe na mtu yeyote kati yetu kwamba kitu hiki tutaongeza baadaye.

Najua jua halina jiwe la majina. Atakayelazwa pale mwezi wa Julai akiletewa beseni la maji ya moto hatajua ni sisi. Mimi nami sikujua, mwaka 1997, na mzee yule alifariki kabla sijamshukuru. Hilo ni deni langu, na naomba mnisaidie kulilipa kwa vijana hawa.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha. Nipo tayari kwa maswali, na daftari langu ninalo hapa kwa yeyote anayetaka kusahihisha hesabu.